Kazi ya Kukaa

Mimi ni Klementina wa mtaa wa Panda, hapa Likasi, Kongo, mtoto wa fundi wa tanuru. Baba yangu alifanya kazi amesimama mbele ya moto mpaka alipostaafu, na jioni mama alikuwa akimwosha miguu kwenye beseni. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye mzani wa malori, barabara ya Kakanda, mama alitangaza mtaa mzima kwamba binti yake anafanya kazi ya kukaa. Alinishonea mto wa kitenge wa kuweka kwenye kiti, wenye maua ya njano, akaniambia nisimwazime mtu.

Kazi yenyewe ni hii. Lori linapanda mzani likiwa tupu, linakwenda kupakia madini, linarudi limejaa. Mimi niko kibandani, nasoma uzito, nabonyeza, karatasi inatoka, naipitisha dirishani. Kiyoyozi kinapuliza, hakuna sababu ya kuinuka. Choo kiko ng'ambo ya uwanja, na ili ufike lazima upite mbele ya foleni ya madereva, wanaokutazama ukienda na kukutazama ukirudi. Niliona haya. Dawa yangu ilikuwa kutokunywa maji mpaka jioni. Mkojo ukawa na rangi ya chai kavu, nikauzoea. Wanawake wenzangu wa pale walifanya vivyo hivyo, wala hatukuwahi kuliona kuwa jambo la kuzungumza.

Mguu wa kushoto ulianza kwa kuwa mzito. Kisha shavu la mguu likavimba, ngozi ikakaza na kung'aa, ikawa ya moto, na nikibonyeza kidole shimo linabaki. Nikasema ni uchovu, ingawa uchovu wa nini sijui. Nyumbani mama alinikalisha, akaniletea sahani pale pale nilipo, akachemsha maji. Alinikanda kwa kitambaa cha moto na mafuta ya mawese, akiminya toka kifundo kupanda juu. Mama ana mikono ya nguvu. Nilikunja uso, lakini nilimwacha aendelee.

Kesho yake, nikipanda ngazi za kibanda, pumzi ilikatika. Maumivu yakanichoma chini ya titi. Nikakohoa, mate yakatoka na damu. Nilikaa kwenye mto wangu nikaendelea kupima. Mtu angedhani niliogopa, lakini sikusikia kitu. Nilitazama namba na namba hazikuwa na maana.

Dereva mmoja mtu mzima, Baba Ramazani, ambaye wazazi wake walitoka Maniema, alingoja karatasi yake dirishani, haikuja. Akafungua mlango wa kibanda. Lori lake lilikuwa bado tupu. Alinibeba, akaniweka kiti cha mbele, akaiacha nafasi yake kwenye foleni, akanileta mjini hospitalini huku akisoma dua kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa nafikiria mto niliouacha.

Walinivalisha barakoa ya oksijeni, wakanipiga sindano tumboni, wakanipima mguu kwa mashine. Daktari, mama kijana, alinieleza kwamba damu iliganda ndani ya mshipa wa mguu kwa sababu ya kukaa bila kuinuka na bila maji, na kipande kimoja kikapanda hadi mapafuni. Kisha akaona ngozi ya mguu bado ina mafuta.

"Ni nani alifanya massage hapa?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji.

"Njo miye, docteur."

Daktari alisema kwa upole kwamba mguu mmoja ukivimba hivyo haukandwi, damu iliyoganda inaweza kusukumwa. Akaongeza kwamba huenda ingepanda yenyewe tu, hakuna awezaye kujua. Mama alisikia ile nusu ya kwanza.

Tangu siku hiyo hakunigusa. Alipika, alifua, alisali rozari kando ya kitanda, lakini aliyeniogesha ni muuguzi. Hata baada ya kurudi nyumbani aliweka sahani mezani na kuficha mikono ndani ya kitenge. Tangu utoto wangu ni yeye aliyenisuka. Sasa nilifunga kitambaa kichwani. Majirani walikuja kunipa pole, nikawajibu aksanti, na ndani hamna kitu. Tumbo lilikuwa la bluu kwa sindano, halikunishughulisha. Mikono ya mama ndiyo iliyoniuma. Niliitaka irudi.

Nilimeza vidonge vya kulainisha damu, nikavaa soksi ya kubana, nikaanza kutembea hadi bombani, baadaye hadi parokiani. Nimerudi kazini. Kila lori likija natoka kibandani kuliangalia, na chupa yangu ya maji iko mezani. Niliomba choo cha karibu, mkubwa akasema tutaona. Basi napita mbele ya madereva, wananiita Maman Bascule, yaani mama wa mzani, wananisalimia, nami naitikia. Baba Ramazani hunipigia honi.

Wewe unayekaa kutwa, kunywa maji na uinuke. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto, usimpe mtu aukande, nenda hospitali. Na mkiwa na mtu wa ofisi nyumbani, mwacheni aifuate sahani yake mwenyewe.

Jumapili moja baada ya misa nilichukua kitana, nikakaa kwenye mkeka mbele ya mama, nikafungua kitambaa. Nikamwomba anisuke.

"Kama nakugusa tena, na unakufa?"

"Hapana, mama. Suka tu."

Akaitoa mikono ndani ya kitenge, akaanza. Katikati ya kazi akanisukuma bega.

"Simama. Zunguluka kwanza parcelle. Tutamalizia kisha."

Nikauzunguka ua, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, majirani wakicheka. Namshukuru Mungu kwa ajili ya kile kicheko. Mguuni pana mahali ambapo mpaka leo hapasikii hata sindano. Nikarudi, nikakaa, vidole vya mama vikaingia tena kichwani, na nilivisikia vyote.