Kabati la Mvule

Seremala mmoja mstaafu aliandika makisio ya gharama kwa penseli bapa, akiilamba ncha kana kwamba bei zitalainika. Alikuwa akiligeuza gari la mizigo, lile linalosukumwa na magurudumu yote manne, liwe chumba cha safari, ili yeye na mkewe wavuke milima kwenda kumwona mjukuu wasiyepata kumtia machoni. Alitenga fedha za godoro, za tangi la maji na za springi mpya za kubebea uzito wa gari. Lakini kila alipofika dukani, aliugonga ubao mwembamba wa siku hizi kwa kidole, akasikiliza, akaguna. "Hii ni karatasi iliyovaa suti," alisema, akarudi na mbao nzito za mvule. Enzi zake kabati lilirithiwa. Siku hizi linatupwa kabla mwenyewe hajaoa. Basi fedha za springi zikaishia kwenye kabati lisilo na msumari hata mmoja, nalo likajaa garini kama bibi harusi.

Siku ya safari mkewe alipopanda, gari lilididimia hadi bodi ikakalia matairi, likagoma.

"Baba watoto," mkewe alisema, mkoba mapajani, "mmoja wetu ashuke. Mimi, au huyo mke mwenza?"

Seremala aliupapasa mlango wa kabati kwa kiganja, taratibu, kama apapasavyo kila ubao aliokwisha kuupiga randa. Kisha akachukua msumeno. Kila ulipopita alikohoa, kana kwamba unamkata yeye. Mkewe akashuka, akamshikia ubao upande wa pili.

"Pole," alimwambia. "Alikuwa mzuri kweli."