Makopo ya Rangi Juu ya Mahindi ya Mbegu

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mjukuu wangu, ni ile niliyomwona mama mkwe wangu akipandisha makopo ya rangi darini mwa jiko, nami nikakaa kimya. Kwa kuwa unakwenda kuolewa Ipelele, kwa watu usiowazoea, sogea hapa motoni nikusimulie. Hiyo simu iweke kando kwanza.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa mke mgeni kabisa, hata majirani hawajanijua jina. Mume wangu, babu yako Yoeli, alikuwa amejifunza kupaka rangi kwenye maghala ya wafanyabiashara wa Makambako, na mwaka ule kwa mara ya kwanza alipata kazi yake mwenyewe: kulipaka rangi ya fedha paa la kanisa letu, bati lisipate kutu. Wazee wa kanisa walimwahidi kwamba akifanya vizuri atapewa na nyumba za walimu. Kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Vijana wa rika lake walikuwa wanakwenda manamba, kukata mkonge Tanga, na wengine hawakurudi. Yoeli aliniambia, "Paa hili likitoka vizuri, siendi Tanga." Mimi nilikuwa nimeshashika mimba, ingawa nilikuwa sijamwambia mtu. Unaweza kufikiri mwenyewe nililishika vipi neno lile.

Rangi ile haikuja tayari kama hizi za siku hizi. Ndani ya kopo mlikuwa na uji mzito wa kijivu, unga wa madini yanayong'aa uliokandwa kwa mafuta. Ukiuacha umetulia, madini yanashuka chini na mafuta yanapanda juu. Siku ya kupaka ndipo unauchanganya na vanishi. Vanishi yenyewe ilikuwa inasubiriwa Makambako, na Yoeli akaenda kuifuata. Kabla ya kuondoka alimwagiza mama yake kwamba makopo yakae pakavu, maji yasiyaguse kabisa, na yawe yanapinduliwa kichwa chini mara kwa mara ili madini yasigandie chini. Mimi, tukiwa wawili, aliniambia na la zaidi: joto nalo halifai, mafuta yakikauka uji unakuwa jiwe. Hilo kwa mama yake alilisahau. Wanaume hao.

Haya, niambie wewe, Njombe wakati wa ukungu pakavu ni wapi? Ukuta unatoka jasho, blanketi nalo lina unyevu. Pakavu ni juu ya moto, kwenye dari ya fito, panapokaa mahindi ya mbegu. Ndiko kila mama alikoweka kitu asichotaka kipotee. Basi mama akayapanga makopo ya mwanawe katikati ya mbegu zake, na kila alipopika aliyapindua, kwa upendo kabisa, kama alivyoagizwa.

Nilikuwa nimechuchumaa pale pale, napepeta ulezi. Nilitaka kumwambia habari ya joto, nikaendelea kupepeta. Nilifundwa kwetu kwamba mke mgeni haigusi dari ya mama mkwe. Mbegu ni zake na moto ni wake. Nikajipa moyo kwamba Yoeli atarudi kesho. Kesho ikapita, na nyingine, kumbe lori la vanishi limekwama kwenye matope. Nikawa nakoka moto mdogo mdogo, mpaka mama akaniuliza kama huko kwetu kuni ni dhahabu. Nikacheka. Kuni nilipunguza, kinywa sikufungua.

Jioni moja kopo lililopinduliwa likavuja, mafuta yakadondokea motoni. Moto uliruka ukakaribia fito. Mama alinivuta nyuma, akaumwagia majivu mpaka ukatulia, kisha tukayashusha makopo yote. Akagusa vifuniko, akayanusa.

"Yoeli alisema nini juu ya joto?" akaniuliza.

Nikamwambia.

"Alikwambia lini?"

"Kabla hajaondoka, mama."

Alikaa kwenye kigoda. "Binti, mimi rangi siijui. Wewe ulijua, ukaniacha niiharibu kazi ya mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe. Halafu hiyo unaiita heshima? Ungeniambia ningekasirika, ningekula ugali wangu, ningelala, yangekwisha."

Nililia. Hakunibembeleza, na alikuwa na haki.

Yoeli aliporudi akafungua makopo. Ya pembeni yalikuwa mazima. Ya katikati yalikuwa yamekauka. Alichokonoa kwa patasi yakatoka mabonge. Akatia mafuta ya taa, akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi, lakini mabonge yalibaki mabonge, na kilichopakika hakikung'aa. Rangi iliyobaki nzima ilitosha upande wa paa unaotazama barabara. Upande wa nyuma ulibaki bati tupu, na mvua zikaanza. Mama alikwenda mwenyewe kwa wazee wa kanisa, akasema kosa limetoka jikoni kwake. Jina langu hakulitaja. Walimsikiliza vizuri, ila nyumba za walimu walimpa fundi mwingine. Yoeli akapanda lori la manamba pale Makambako. Habari ya mimba nilimwambia akiwa ameshashika bomba la lori.

Aliporudi, baba yako alikuwa anakimbia uani. Yoeli akamwita. Mtoto akajificha nyuma yangu, akauliza huyu mgeni ni nani. Babu yako akaweka mzigo chini, akasema, "Kamwene, baba," kama unavyomsalimia mtu mzima usiyemfahamu. Iliniuma, mwanangu, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo ukifika Ipelele, mheshimu mama mkwe wako. Amka kabla yake, na vya kwake usiviguse bila ruhusa. Lakini ukiona kitu kinaharibika na wewe unajua sababu, mwambie siku ile ile. Piga goti ukipenda, shusha sauti ukipenda, ila mwambie. Atakasirika, mwache akasirike. Usipunguze kuni ukadhani umesema.

Mungu akupe jiko lisilozimika moto, na mama mkwe anayeambilika. Akupe mume wa kulala nyumbani kwake, na watoto wanaomjua baba yao kwa sauti kabla hajafika mlangoni.