Kopo Kubwa na Kopo Dogo

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa karani wa ghala kwenye mashamba ya chumvi Marereni, kijana wa bara niliyefuata kazi. Mwenzangu wa chumba naye alitoka bara. Alikuwa fundi wa pampu za kuvuta maji ya bahari. Kila jioni, kazi ikiisha, tulitoka nyuma ya nyumba za wafanyakazi tukanyanyua vyuma. Vyuma nasema kwa heshima tu. Yalikuwa makopo ya rangi tuliyoyajaza saruji na kuyatia mpini wa bomba, makubwa mawili na madogo mawili. Tuliyapima kwenye mizani ya magunia ya chumvi, na kopo kubwa lilikuwa na uzito wa madogo matatu.

Ubishi wetu ulikuwa mmoja na haukuisha. Mimi nilishikilia kwamba mkono haunenepi kwa mzigo mwepesi: beba kizito mara saba au nane, basi. Yeye alisema kopo dogo latosha, mradi usiliweke chini mpaka mkono wenyewe ukatae kupanda. Alikuwa akihesabu hadi thelathini na kitu, jasho likimtiririka puani, na mimi nikimwambia kwamba hapo anabembeleza mtoto. Alicheka, lakini hakuniachia. Mimi nilikuwa mbishi wa kelele, yeye mbishi wa taratibu, na wa taratibu ndiye anayeudhi.

Akapata kazi karibu na kwao. Asubuhi ya kuondoka tulipatana kwamba mimi niendelee na makopo makubwa, yeye atengeneze madogo huko aendako, na baada ya miezi sita aje likizo tupimane mikono. Tukapeana mkono, akaenda zake. Nilibaki na kitanda chake kitupu, na kwa wiki nzima niliendelea kuweka vitu vyangu upande wangu tu wa chumba.

Barua yake ya kwanza ilikuja upesi. Ya pili ilichelewa, na ndani yake alisema kazi imembana, kunyanyua ameacha, na likizo haijulikani. Nilikasirika kuliko ilivyostahili. Ndipo nikaamua kumfanyia upande wake. Mkono wa kulia ungekuwa wangu, na kopo kubwa. Wa kushoto ungekuwa wake, na kopo dogo, mpaka ukatae. Najua ni upuuzi, lakini nilimfanyia kwa uaminifu. Siku nilizochoka nilipunguza raundi za kulia. Za kushoto sikupunguza hata moja, asije akasema nilimpunja.

Shida ilikuwa kupima. Nilikuwa na futi ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani, nikawa naishika ncha moja kwa meno na nyingine kwa vidole, na kila nikirudia napata jibu jingine. Baya zaidi, niligundua kwamba nikipima wa kulia nailegeza futi, nikipima wa kushoto naikaza. Nilihitaji mtu wa kunipima. Lakini katika nyumba zile nilijulikana kwa salamu tu, na kumbishia mtu mlango nimekunja shati, futi mkononi, niliona haya.

Basi kila mwisho wa mwezi nikienda Malindi nilipitia kwa fundi cherehani mmoja wa mji wa kale, mtu wa makamo, mpole. Mara ya kwanza nilijifanya nataka shati la mikono ya kubana. Mara ya pili nilisema nimenenepa. Mara ya tatu, nilipomwomba arudie wa kushoto, aliweka mkasi chini akanitazama.

"Mkono huu wakuuma, mwanangu?"

Alidhani unakauka. Hakungoja jibu, aliushika kwa mikono yake miwili, akausomea dua, kisha akaniagiza niusugue mafuta ya ufuta asubuhi na jioni. Ningeweza kumwambia ukweli palepale. Sikumwambia, kwa sababu ilikuwa miezi mingi tangu mtu aniulize kama naumwa. Niliyanunua mafuta na nikayapaka kama alivyoniagiza.

Mwezi wa sita tangu nianze, fundi alipima mkono mmoja, akapima wa pili, akarudia yote miwili. Akaniambia yote imenenepa kuliko mara ya kwanza, tena iko sawasawa, haikupishana hata unene wa uzi, na akamshukuru Mungu kwamba dua imepokewa. Alifurahi kwelikweli. Mimi nilisimama pale kibarazani nikijua kwamba mwenzangu alikuwa amesema kweli muda wote. Niliporudi Marereni nililijaribu kopo kubwa kwa mkono wa kushoto. Ulilipandisha mara nne ukashindwa, na wa kulia ulikuwa umeshafika kumi. Kwa kubeba kizito, basi, kizito kilikuwa kimenifaa. Ila ubishi wetu ulikuwa wa unene wa mkono, na hapo alikuwa amenishinda.

Nilimwandikia siku hiyohiyo. Mimi si mtu wa kukubali kushindwa, lakini barua ile niliiandika kwa furaha, nikamwambia ameshinda, nikamsifu, nikamwomba aje tuyazungumze. Niliamini kwamba mtu akishinda ubishi mrefu namna ile hawezi kunyamaza. Pengine angepanda basi aje. Nilikuwa tayari kuitwa mjinga maisha yangu yote, mradi aje mwenyewe kuniita.

Jibu lilikaa wiki saba. Alinisalimu vizuri, akanieleza kwamba amepata mtoto wa kike na kwamba mahindi yamekubali mwaka huo. Mwishoni aliandika: "Umesema nimeshinda, nimefurahi, lakini sikumbuki tulishindania nini. Nikumbushe."

Nilichukua kalamu nimkumbushe. Nilimweleza makopo, nikamweleza mizani, na hesabu zake za thelathini na kitu. Nilipofika mahali pa kueleza jinsi alivyoshinda ilhali ameacha kunyanyua, niliisoma karatasi tangu mwanzo, nikaona jinsi nilivyokuwa mpweke, nikaona haya asije naye akaona. Niliichana. Hatukuandikiana tena, na hadi leo zamu ya kujibu ni yangu.