Fundi wa paipu za breki anayelitafuta gari la sita

Saa tatu asubuhi, nyuma ya jiko la nyumba yake, Mama Paipu amebana paipu ya breki kwenye jiliwa na anaisugua ukingo kwa tupa. Anapuliza vumbi la chuma, anavisha nati, kisha anautanua mdomo wa paipu na kuukunja kwa ndani. Akimaliza anaumulika kwa tochi, anauzungusha, anaumulika tena.

"Nati kwanza," anasema. "Ukitanua mdomo kabla ya kuvisha nati, umeoa kabla ya kuposa. Utarudi mwanzo na aibu yako."

Kazi hii ameifanya miaka kumi na saba. Alifundishwa na marehemu mumewe, na kwa paipu hizo amesomesha watoto watatu. Hakuna aliyewahi kumlalamikia, hadi mwezi uliopita.

Siku hiyo gari la mwalimu mstaafu lililetwa uani likivutwa kwa kamba, taa moja imevunjika, mchanga umejaa mbele. Mwalimu alikuwa akiteremka mlima, mkewe kando yake, mjukuu nyuma. Alipokanyaga breki, pedali ilizama hadi chini. Akaligeuza gari kuelekea kwenye lundo la mchanga wa ujenzi. Walitoka hai wote, ila mkewe alipasuka kipaji cha uso.

Mama Paipu akajilaza chini ya gari. Mafuta ya breki yalikuwa yametapakaa kwenye gurudumu. Alipoifungua paipu, aliona mdomo wake una ufa mwembamba kama unywele.

"Mwalimu, nani alikufungia hii?" aliuliza akiwa huko huko chini. "Huyu si fundi, ni muuaji."

Mwalimu akainama kumjibu. "Ni wewe, binti yangu. Wiki tatu zilizopita."

"Sikuweza kutoka," anakumbuka. "Nilikuwa nimejihukumu kwa mdomo wangu mwenyewe."

Mama mkwe wake, anayeishi naye, ndiye aliyemwinua na kumketisha.

Ndipo alipokumbuka. Wiki ile magari yalifuatana, naye akaona kusugua ukingo kunamchelewesha, akaacha. Ukingo wenye makwaruzo ukikunjwa huchanika. Alikuwa amefunga paipu za namna hiyo kwenye magari sita, la mwalimu likiwemo.

"Sasa utawaambia," mama mkwe akamuuliza, "au utangoja nao waletwe kwa kamba?"

Alianza kupiga simu saa ile ile. Wanne walikuja, na paipu za wawili zilikutwa na ufa. Mmoja wao alimtukana mbele ya majirani.

"Alikuwa na haki," anasema. "Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikaingia chini ya gari lake."

Mwalimu alimwachia alitengeneze tena gari lake. Mkewe hajalipanda mpaka leo.

Limebaki la sita, pikapu ya bluu ya msambazaji wa soda. Simu ya mwenyewe haipatikani. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu aanze kumtafuta. Kila jioni Mama Paipu huenda kituo cha mafuta kuwauliza madereva, na paipu mpya ya gari hilo ameshaiandaa.

"Sitaki hata senti yake," anasema, akizima tochi. "Akitaka kunitukana, anitukane. Nataka tu nimwone akishuka garini kwa miguu yake."