Udongo wa Kupokea Radi

Mvua za mwaka ule zilinikuta sijamaliza kazi, na mimi mvua ikinikuta sijamaliza kazi situlii. Nilikuwa nimepewa jukumu la kupanga upya mitambo yote ya kompyuta ya depo moja ya dawa kule Murara, hapa Goma: umeme wa jua badala ya lile jenereta linalokohoa, seva mpya, na mawasiliano na duka lao dogo la Kibati, ili wajue dawa gani imebaki bila kutuma mtu kwa pikipiki. Wafanyakazi waliniuliza kila asubuhi habari za skrini mpya tu. Skrini zinaonekana. Mimi nilikuwa nalala na kuamka nikiwaza kitu ambacho hakuna mtu angekiona, fimbo ya shaba.

Seva iliyotangulia ilikuwa imeunguzwa na radi, pamoja na kumbukumbu zote: dawa ipi iliingia lini, ipi inaharibika lini. Mwenye depo, mama mmoja mjane mzaliwa wa Kalengera, alishinda akifungua makatoni kwa mkono na kusoma tarehe moja moja huku wagonjwa wakisubiri. "Ile mambo isirudie tena," aliniambia tulipoanza kazi. Hakuniagiza kingine. Na ili radi isiunguze mashine, lazima ipewe njia ya kushuka ardhini. Hiyo ndiyo kazi ya ile fimbo. Sasa nielezeni, fimbo utaichomeka vipi katika mji uliokaa juu ya mawe ya volkano?

Tulijaribu nyuma ya depo. Nyundo zilidunda tu, na shimo halikufika hata magotini. Nikahamia upande wa lango, mawe yaleyale. Wingu likijikusanya upande wa Kibati, naacha chakula, natoka kulitazama, narudi, natoka tena. Mama alikuwa akiniangalia kutoka mlangoni.

"Papa, uko kama kuku yenye kutafuta fasi ya kutaga," alisema. "Ikaa, ukule. Haraka haraka haina baraka."

"Ngoja ngoja nayo inaumizaka matumbo, mama," nikamjibu, na wala sikukaa.

Mahali palikuwapo, na nilikuwa nimepaona tangu mwanzo. Kando ya ukuta wa depo jiwe lilipasuka zamani, likaacha ufa mpana wenye kina kirefu, na mama alikuwa ameujaza udongo. Haukuwa udongo wa kununua. Kila gari lililopeleka dawa Kalengera lilirudi na gunia kutoka shamba la baba yake, miaka na miaka, mpaka vita vikamkatia njia ile. Tangu hapo hajarudi kwao, na hajui shamba linalimwa na nani. Katika ule ufa alipanda lengalenga, mchicha wa kwao. Udongo wenyewe ulikuwa umeshikana vizuri, una unyevu mpaka chini, ndivyo fimbo inavyotaka. Ubaya wake ni kwamba fimbo hiyo huzikwa pamoja na makaa na chumvi nyingi ili umeme upite vizuri, na palipomwagwa chumvi nyingi hakioti kitu.

Nilimweleza nikiwa nimesimama, bila kupamba maneno.

"Hakuna fasi ingine?"

"Hakuna, mama. Nimetafuta."

"Na tukinunua udongo ingine, tuweke kule kwenye ulichimba?"

"Lile shimo ni fupi. Na udongo mupya utakauka, hautashikana mbio. Mvua njo hii imefika."

Akainama, akang'oa gugu moja katikati ya lengalenga. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilimkasirikia kwa kunichelewesha, maana ngurumo zilishaanza. Nilitaka aseme ndiyo au hapana, chochote, mikono yangu ipate la kufanya. Akaingia ndani bila kunijibu. Kesho yake vilevile. Nilifungua nyaya nilizozifunga vizuri mwenyewe, nikazifunga upya, nikagombana na fundi wa paneli kwa jambo ambalo hata silikumbuki. Seva ilikaa imezimwa, mpya, ndani ya kabati lake. Nilikuwa naogopa kuiwasha.

Asubuhi moja nikamkuta amechuma lengalenga zote, hata zile changa zisizofaa bado kupikwa. Zilikuwa zimelala ndani ya beseni mlangoni.

"Fanya kazi yako," akasema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Fimbo ilizama kwa mapigo machache ya nyundo. Nikapanga makaa, nikamwaga chumvi, nikamwaga maji, nikapima, na kipimo kikanipa jibu zuri kuliko nililotarajia. Seva nikaiwasha siku hiyohiyo.

Radi ilikuja alasiri ya juma lililofuata, moja ya zile zinazotikisa mabati mpaka watu wanajishika vichwa. Taa zikafifia, zikawaka tena. Nikakimbilia kabati. Seva ilikuwa inaendelea na kazi yake, na orodha ya dawa ipo yote. Wafanyakazi wakapiga makofi, nami nikacheka peke yangu, furaha ikinitoa machozi. Nikageuka kumtafuta mama nimwambie. Alikuwa dirishani, anaangalia maji yanavyoingia katika ule ufa.

"Papa, ile chumvi," aliniuliza, "mvua haiwezi kuimaliza siku moja?"

Nilielewa anachotumaini, na sikuwa na uwongo wa kumpa.

"Inawezaka, mama, pole pole. Njo maana kila mwaka inaomba kuongeza ingine."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Iko hata ndani ya plani."

Macho yake hayakutoka kwenye ule ufa.

"Basi usiiweke siku niko kanisani," akasema. "Uniite. Nitaimwanga miye mwenyewe."