Udongo wa Bibi Kwenye Ufa

Siku uvumilivu uliponiisha nilikuwa na ndoo ya maji kichwani. Jiwe kubwa kama boga lilikuwa limebingirika kutoka machimboni, likatua pale mwanangu wa miaka saba anapooshea vyombo, muda mfupi tu baada ya yeye kuinuka. Nililigusa. Lilikuwa bado la moto. Sikuuliza mtu. Nikapanda na ndoo yangu hadi kwenye mwamba, wanakovunja kokoto za barabara ya Mtae.

Kama hujawahi kuona mwamba ukichomwa, nikueleze. Wanarundika magogo na matairi makuukuu chini yake, wanawasha asubuhi, na mwamba ukishashika moto hasa wanaumwagia maji ya baridi. Unalia kama bunduki na kupasuka mapande. Baada ya hapo ni nyundo tu.

Msimamizi wao ni mtu mzima, kwa hiyo nikamwamkia kwanza. Shikamoo. Akaitikia marahaba. Halafu nikanyanyua ndoo niuzime moto wake.

Vibarua wakaangua kicheko. "Mwaga, mama, mwaga! Leo tumepata msaidizi bila kuomba!"

Kumwaga maji ndiyo kazi yao yenyewe. Nikaitua ndoo, nikanyakua koleo lao, nikaanza kuyavuta magogo nje, moja moja, machozi ya hasira na moshi yakinitoka.

"Mama, jiwe hili lilikuwepo hata babu yako hajazaliwa," msimamizi akasema. "Haliendi popote."

"Liliwahi kwenda," nikamjibu. "Niulize mimi."

Hakuniuliza. Basi nakusimulia wewe.

Nimelelewa na bibi mzaa mama, chini ya mwamba huohuo. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ng'ombe wa jirani tulimsikia tu, hatumwoni. Nyumba ilinuka moshi wa kuni mbichi na makande yaliyolala jikoni. Mwamba ndio uliokuwa uwanja wetu wa kuchezea. Una mistari, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, na ndani yake vipunje vyekundu vigumu ambavyo tulivichokonoa kwa msumari tukivifanya shanga. Ulanga tuliubandua magamba magamba, tukajipaka mashavuni tung'ae kama bibi harusi. Mawe meupe tuliyagonganisha ndani ya ghala lenye giza, yakatoa cheche na harufu ya kuungua, tukatoka mbio tukipiga kelele.

Lakini ulikuwa na ufa. Ufa ule niliuogopa kuliko nyoka. Kila masika ilipokaribia, bibi alikanda udongo mwekundu na majivu na samadi, akaupaka kukatiza ufa, mkanda mwembamba kama kidole, akauacha ukauke vizuri. Kila asubuhi kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kwenda kuutazama. "Udongo ukipasuka, mwamba umetembea," aliniambia. "Njoo unapiga yowe. Usije unatembea." Na ukipasuka, nyumba zote za chini zilihamia ng'ambo ya bonde mpaka mvua iishe. Tulihama mara mbili. Nilikuwa nalala nimeshika pindo la khanga yake, nikisikiliza mvua.

Mwaka niliotimiza miaka tisa nilichaguliwa kuongoza kasida siku ya Maulidi. Nilikuwa nimeshonewa gauni jeupe. Siku mbili kabla, nikaukuta udongo umepasuka. Ufa wa unywele, jamani, unywele tu! Nikawaza tukihama leo, kasida ataongoza mwingine. Nikatema mate kwenye kidole nikausawazisha. Nikarudi ninatembea.

Kasida niliimba. Kesho yake, asubuhi, pande la mwamba likang'oka na kuangukia zizi la jirani. Ng'ombe alikufa palepale. Jirani mwenyewe, aliyekuwa anakamua, alitolewa mguu umevunjika, na mpaka leo anachechemea. Bibi aliushika mkono wangu akautazama ukucha, uliokuwa bado na wekundu wa udongo. Akauosha kwa maji ya vuguvugu, taratibu. Hakuwahi kulitaja jambo hilo mpaka anazikwa, na kimya hicho kiliniuma kuliko fimbo.

Sekondari, mwalimu wa jiografia alituletea kipande cha mwamba kama wetu. Akasema kuna miamba iliyotokana na uji wa moto uliopoa, kuna iliyojengeka kwa mchanga na tope tabaka juu ya tabaka, na kuna huu wetu, mwamba geu. Ulikuwa jiwe jingine, ukazikwa chini kabisa, ukabanwa na kupikwa bila kuyeyuka, mpaka ukajipanga mistari na kuotesha vile vipunje vyekundu. Nikauliza, kama ulipikwa huko chini na haukuvunjika, kwa nini moto wa kuni unauvunja? Akasema kule ulipikwa polepole, umeshikiliwa pande zote. Hapa juu ngozi inavimba, ndani bado ni baridi, na hakuna kinachoushika.

Sasa vipunje vyekundu huvioni tena, masizi matupu. Watoto hawajipaki ulanga. Udongo wa bibi watu wanauita ushirikina. Nabaki kuupaka mimi peke yangu. Wiki hii umepasuka, na siyo unywele. Kidole changu kinaingia.

Kabla ya kumwandikia mtendaji wa kijiji nilikwenda kwa jirani, nikapiga magoti, nikamwambia yote.

"Kwa hiyo kasida ndiyo iliyonila mguu," akasema. "Na ulivyoiimba vibaya!" Kisha akanivuta mkono. "Inuka. Andika. Jina langu liweke la kwanza."

Barua hii nimeifikisha kwa mkono, na imegongwa muhuri mbele ya macho yangu:

Kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUCHOMWA MWAMBA JUU YA NYUMBA ZETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba moto usimamishwe leo, na nyumba za chini zihamishwe kabla ya masika. Ufa umefunguka upana wa kidole. Usitume mtu, njoo mwenyewe uingize chako. Shahidi wa kwanza ni jirani yangu, ambaye mguu wake unaujua. Mimi ni shahidi wa pili. Nikiwa na miaka tisa niliuona ufa huu nikauziba kwa mate, nikanyamaza. Safari hii nimekuja ninapiga yowe.