Nani Anamjua Bi Faili?

Kabla wenye kesi hawajafika, Bi Faili ameshafungua masjala ya mahakama, amepangusa meza na anatenga mafaili ya siku. Anachomoa moja, anachungulia ndani, anatikisa kichwa.

"Hawa ni ndugu, wanagombea shamba," ananiambia mimi mwandishi niliyekuja kumtembelea. "Wanakuja wamenuniana, wanaondoka wamenuniana. Lakini afadhali wao, wanakuja wawili."

Jina la Bi Faili alipewa na mawakili, likamganda. Mwisho wa mwaka anastaafu. Nusu ya mshahara wake huishia kwenye kodi ya chumba, ila ukimuuliza, atakwambia si umaskini unaomtisha.

"Ni zile kuta nne. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, binti yangu kaolewa mbali. Hapa naitwa kutwa nzima. Kule ataniita nani?"

Ndiyo maana anaomba leseni ya uthibitishaji wa nyaraka. Mthibitishaji ni yule anayekushuhudia ukitia saini, akahakikisha ni wewe kweli, kisha akagonga muhuri. Watu watakuja, watakaa, watazungumza. Mtihani amefaulu, kimebaki kitu kimoja tu, saini ya mdhamini kwenye fomu yake, na maombi yanafungwa kesho.

Saini yenyewe si ya yeyote yule. Inatakiwa ya hakimu, msajili wa mahakama au mkuu wa wilaya. Awe bado kazini, asiwe ndugu, tena athibitishe kwamba anamfahamu mwombaji, yeye na mwenendo wake.

Mkuu wa wilaya ni kaka yake, tumbo moja. "Cheo kinamruhusu, damu inamkataza," anacheka Bi Faili. Msajili aliyefanya naye kazi tangu ujana amestaafu, na huyu mpya hata mlango wa masjala bado anaulizia. Akabaki hakimu, ambaye Bi Faili humpelekea mafaili kila asubuhi, mwaka wa saba huu.

Wiki iliyopita alijikaza, akabisha hodi.

"Aa, Bi Faili! Lete nikusainie," hakimu alisema, kalamu tayari mkononi. Kisha akatupa jicho juu ya fomu. "Kumbe hili ndilo jina lako?"

"Moyo uliniuma, jamani," anasimulia. "Miaka yote hiyo! Nikanyoosha mkono, nikachukua fomu yangu."

"Vipi tena?" hakimu aliuliza.

"Mheshimiwa, nikipewa leseni nitaapa kwamba simgongei muhuri mtu nisiyemjua. Sasa nianze kwa kusainiwa na asiyenijua?"

Wenzake masjala walishika vichwa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," karani mmoja alimwambia. "Wewe umeinama, umekishika, halafu umekirudisha!"

Bi Faili naye alilia siku hiyo, hafichi.

Ila jana hakimu alikuja masjala mwenyewe, akasimama mlangoni. "Kesho mchana sina kesi," alisema. "Njoo tukae, unisimulie habari zako. Nikusainie bila kuona haya."

Leo Bi Faili amekuja na chupa ya chai na vikombe viwili. Akipata leseni, atapanga kijimeza mtaa wa nyuma, na benchi refu la wateja.

Mchana umefika. Anachukua chupa, anainuka, halafu anakaa tena.

"Hebu nisaidie, mwandishi," ananong'ona. "Tangu nimzike mume wangu, hakuna aliyeniuliza habari zangu. Akisema haya simulia, naanzia wapi?"